Korosho si kastanya

Jambo lililonisukuma kuandika ni moshi. Jioni moja ya Desemba nilirudi kutoka msikitini hapa Malindi nikakuta madirisha yote ya nyumba yamefunguliwa, mapazia yamegeuka rangi, dada yangu amekaa barazani akikohoa na leso mdomoni, na mpwa wangu, kijana wa miaka 23 aliyesoma hadi chuo kikuu, ameinua mikono yake mbele ya uso kama mtu anayeomba dua. Alikuwa akichoma korosho. Alizichomea jikoni, juu ya gesi, ndani ya kikaango chenye matundu alichoazima kwa jirani yetu Mwitaliano, na kila korosho aliichanja kwa kisu kabla ya kuitia motoni, kwa kuwa ndivyo alivyomwona jirani huyo akizifanyia kastanya zake, zile kokwa za kwao Ulaya zinazochomwa na kuliwa, wiki mbili nyuma.

Nilipomuuliza alichokuwa akikifikiria, alinijibu kwa upole uliokaribia kunitia wazimu: “Lakini mjomba, mbona yeye hufanya hivihivi na hapatwi na lolote?” Swali hilo ndilo ninalolijibu hapa, kwa sababu tangu siku ile nimezungumza na vijana wengi wa mji huu, wakiwemo ambao babu zao walikuwa na mikorosho shamba zima, na nimeona kwamba kwao kokwa ni kokwa, moto ni moto, na anayejua kuchoma moja amejua kuchoma zote.

Nianze na kastanya yenyewe, maana sitaki jirani aonewe. Anayeishi Malindi hahitaji kusimuliwa jinsi Waitaliano walivyozoeleka hapa, na kila mwisho wa mwaka wapo wanaorudi kutoka kwao na mfuko wa kastanya ndani ya begi, kwa kuwa huko msimu wake ni Oktoba na Novemba. Jirani yetu alituita barazani kwake, nami nikamtazama kuanzia mwanzo. Alizibonyeza moja moja kwa kidole gumba: iliyojaa, nzito na yenye kung'aa akaiweka kando, iliyobonyea akaitupa, na iliyokuwa na kitundu kidogo kama cha sindano akaitupa mbali zaidi, kwa kuwa hicho ni kitundu cha funza. Zilizobaki akazitia majini, na zilizoelea akaziondoa. Kisha akachukua kisu kifupi akachanja kila moja upande wa tumbo, mchanjo mmoja tu, unaopita ganda na ngozi ya ndani bila kuzama katika nyama. Alizikaanga kama dakika 25 huku akizirusharusha, akazifunga ndani ya kitambaa kizito dakika nyingine 10 ili mvuke wake wenyewe uilainishe ngozi, ndipo tukazimenya zikiwa bado zinaunguza vidole, kwa sababu kastanya ikishapoa ile ngozi ya ndani huiganda nyama kama kupe.

Nakiri kwa shingo upande kwamba nilikula 12. Ladha yake ni ya kiazi kitamu na shelisheli vilivyokubaliana kukaa ganda moja, na sioni ajabu kubwa ndani yake. Lakini kazi niliyoiona ilikuwa kazi ya mtu anayeijua kokwa yake, na hilo nalipa heshima.

Mpwa wangu aliuona mkono wa jirani bila kuiona sababu yake. Kastanya mbichi karibu nusu yake ni maji, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni wanga. Mafuta yake ni kidogo mno. Ukiitia motoni ikiwa nzima, maji hugeuka mvuke, mvuke hukosa pa kutokea, na kokwa hupasuka kwa kishindo hadi dari. Ule mchanjo ni mlango wa mvuke, basi. Korosho iliyoanikwa ikakauka haina shida hiyo. Shida yake imo ndani ya ganda, ambalo kati ya tabaka zake mbili limebeba mafuta mazito ya rangi ya kahawia, makali kiasi cha kubambua ngozi ya binadamu. Ndiyo hayo hayo ambayo viwanda huyakamua kwa ajili ya rangi za kupaka na breki za magari. Mkorosho na mwembe ni wa ukoo mmoja, na kila aliyewahi kung'ata embe bichi karibu na kikonyo, midomo ikamvimba kwa utomvu, ameonja tone dogo tu la tabia ya ukoo huo. Anayeichanja korosho mbichi kwa kisu, mikono mitupu, hamfungulii mvuke mlango wowote. Anajipaka malengelenge ya wiki mbili, na kwa kuwa vidole havitulii, hugusa na kope, na shingo, na mahali pengine ambapo adabu inanizuia kupataja.

Kisha kuna kile kikaango. Matundu ya kikaango cha kastanya yamewekwa ili ulimi wa moto uiguse kokwa yenyewe. Ukitia korosho humo, ganda likapata joto, mafuta yake hutoka, hupita matunduni, hudondoka juu ya moto na kuwaka. Hapo ndipo mpwa wangu alipopata mwanga ulioangaza hadi kwa majirani, na ule moshi mweusi unaokereketa koo na kuyatoa machozi macho ya mtu aliye chumba cha tatu. Na jambo linaloniudhi kuliko yote ni kwamba matundu hayo hayakuwa kosa! Nyanya yangu, Mungu amrehemu, alichomea korosho zake Mambrui juu ya bati la debe alilolitoboa kwa msumari. Kosa lilikuwa paa lililokuwa juu ya moto.

Niruhusiwe kueleza alivyofanya, kwa sababu sasa naona ni wajibu. Kwanza, hakuna aliyeruhusiwa kuangua. Bibo, lile tunda ambalo korosho huning'inia chini yake, hungojwa lijiangukie lenyewe chini, kwa kuwa mti ndio unaojua punje imejaa lini, na ukiangua mapema unapata dunge, korosho changa ya kijani ambayo punje yake haina unene na ganda lake lina hasira maradufu. Asubuhi tulipita chini ya miti tukaokota, tukazungusha korosho hadi ikaachana na bibo, tukala mabibo yaliyokuwa mazima, na tukarudi na nguo zenye madoa ambayo hayakutoka hadi leo. Korosho zilianikwa juani siku mbili au tatu na kugeuzwageuzwa, hadi ganda likawa na rangi ya kijivu, ukucha usiweze kuacha alama, na ukiitikisa sikioni usikie punje ikigonga ukuta wa nyumba yake. Baada ya hapo zilitiwa majini, na zilizoelea zikatupwa, sawasawa na za jirani yangu Mwitaliano. Maji ndiyo mahali pekee ambapo kokwa hizi mbili hupewa hukumu moja. Zilizozama zilianikwa tena, maana korosho iliyolowa haichomwi.

Siku ya kuchoma ilikuwa siku ya kuchoma, wala haikuunganishwa na kazi nyingine. Msimu wa korosho ni msimu wa kaskazi, na nyanya alijua kuutumia upepo huo kama nahodha: bati liliwekwa juu ya mafiga uwanjani, mbali na makuti ya paa, na sote tulikaa upande wa goshini, upepo mgongoni, ili moshi uende zake demani kwenye kichaka ambako hapakuwa na mtu wala mbuzi. Watoto hatukukaribia. Korosho zilimiminwa kiasi cha kulifunika bati safu moja, yeye akizikoroga bila kupumzika kwa mti mrefu kuliko kimo chake, na mafuta yalipoanza kutoka na kuwaka hakushtuka, kwa sababu alikuwa akiungojea moto huo. Hapo hesabu ni ya dakika chache tu. Ukiziondoa mapema, ganda halijakauka na mafuta yamebaki humo yakikungojea. Ukichelewa, umepika makaa. Maganda yote yalipokuwa meusi na kuanza kutoa povu alilipindua bati kwa ule mti, korosho zikamwagika mchangani, tukaruhusiwa kusogea na kuzifukia. Mchanga huuzima moto na kuyanywa mafuta yaliyosalia, na ndiyo maana hakuna aliyezigusa hadi zilipopoa kabisa na kusuguliwa mchangani mara ya pili.

Kubangua kulifanyika jioni barazani, mikono imepakwa jivu, korosho ikisimamishwa kwa ubavu juu ya jiwe na kugongwa kwa kipande cha mti kwenye ule mpindo wake. Pigo liwe moja, lisilo na chuki. Punje iliyotoka nzima iliwekwa kwenye ungo wa wageni, iliyovunjika ikaenda kwenye ungo wetu, na nadhani sikuwa mtoto pekee aliyegundua mapema sana jinsi ya kukosea pigo. Ile ngozi nyembamba ya ndani ilitolewa kesho yake baada ya punje kupata jua, na chumvi ilikuja mwisho, ikiwa imeyeyushwa katika maji machache na kunyunyizwa juu ya punje zilizokuwa zikipashwa moto taratibu.

Ukihesabu vizuri, kilo nne za korosho zenye maganda hukupa punje za kama kilo moja. Wanaolalamikia bei ya punje sokoni wafanye kazi hii mara moja tu, kisha tuzungumze. Lakini nami nina lalamiko langu: watu wetu wa Magarini, na wa Hindi na Mpeketoni kule Lamu, huuza korosho zao zikiwa na maganda kwa mtu mwenye mizani na lori, wakati mwingine huziuza zingali maua kwa sababu ya karo na deni la duka, na mwenye deni hangojei bibo lianguke. Ndiyo sababu dunge hujaa magunia. Kisha mtoto wa mkulima huyohuyo hununua kipakiti cha punje dukani, kilichoandikwa kwa herufi za dhahabu, na hajui kuwa kokwa ile ilikuwa na ganda. Kiwanda cha Kilifi kilichojengwa miaka ya 1970 kilifungwa katika miaka ya 1990. Mwaka 2009 serikali ikapiga marufuku kuuza nje korosho ambazo hazijabanguliwa. Sawa. Marufuku haimfundishi mtu kubangua.

Wapo watakaosema kuwa ninaitetea korosho kana kwamba iliumbwa Mambrui. Najua ni mgeni. Wareno waliutoa mkorosho Brazil, ingawa ningemwomba yule mtembezaji watalii niliyemsikia pale kwenye mnara wa Vasco da Gama akisema kuwa baharia huyo Mreno ndiye aliyeushusha hapa 1498 atazame tarehe zake upya, kwa sababu Wareno hawakufika Brazil hadi 1500. Mgeni aliyekaa miaka mia kadhaa amekuwa mwenyeji, na mwenyeji tunapaswa kuijua tabia yake.

Na kama kijana anautamani sana ule ufundi wa kisu na kitambaa, asiupoteze. Auhamishie kwenye kokwa za fenesi, ambazo tunazitupa jaani kila siku huku tukimwonea wivu Mwitaliano. Kokwa hizo zina wanga na maji kama kastanya, hupasuka motoni kama kastanya, na ladha yake iko karibu mno na ya kastanya hivi kwamba nilipompelekea jirani sahani moja aliniuliza nimezipata wapi. Zioshwe hadi ule utelezi wote utoke, zikaushwe siku moja, zichanjwe, zikaangwe hadi ganda jeupe lianze kupasuka na kubadilika rangi, kisha zimenywe na kutiwa chumvi. Hizi unaweza kuzichomea jikoni, juu ya gesi, hata ukiwa umevaa kanzu nyeupe.

Mikono ya mpwa wangu imepona, isipokuwa kiganja cha kulia chenye baka lililokataa kurudia rangi yake. Nimemwahidi kwamba korosho za msimu ujao tutazichoma pamoja kwenye shamba la mamangu mdogo, goshini, kwa bati la debe, naye ameniuliza kama anaweza kuja na jirani. Sijamjibu, kwa sababu kikaango cha jirani bado kiko kwangu. Nimekisugua kwa jivu, kwa mchanga, kwa limau, kwa sabuni ya kila aina, na ile rangi nyeusi ya ganda la korosho haijatoka hata kwenye tundu moja.