Kobe wa Tulamben

Haya, kaeni mkao. Ile video ya sekunde 14 mnayorushiana tangu juzi usiku, ya mzamiaji aliyelala chali kwenye mawimbi, ni mimi. Si mtu anayefanana nami, wala si maiti iliyookotwa kama alivyodhani shangazi yangu wa Pongwe, ambaye alishaanza kupiga simu kuuliza matanga yako wapi. Ni mwenzenu, mzima wa afya, mwenye michubuko gotini, kwenye kiwiko, na sehemu moja ambayo sitaitaja kwa sababu wakwe wanasoma humu.

Aliyeisambaza ni swahiba wangu niliyesafiri naye. Jina lake nalihifadhi. Si kwa heshima, ni kwa kuwa bado tunalala chumba kimoja na tiketi za kurudi Doha ziko kwenye simu yake. Kaiandikia juu, "Mtoto wa pwani akirudi nyumbani", halafu kaikata anapopataka yeye. Sasa mimi nasimulia nzima, mkicheka mcheke kwa haki.

Mdomo wangu mnaujua. Tangu tuko kwenye ndege nilikuwa natoa hotuba. Kwamba mimi ni wa Tanga, nimejifunza kuogelea na dumu kifuani kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Kwamba babu alikuwa na ngalawa. Kwamba cheti changu cha kuzamia na mtungi nimekitoa Nungwi, cha mita 18, siyo nyie wa kupigia picha bwawa la hoteli. Swahiba ni mtu wa Dodoma, bahari kaijulia ukubwani, na kozi ya kuzamia kaimaliza mwezi uliopita. Kila aliponiuliza swali nilimjibu kwa huruma.

Ila kuna kitu sikukitilia maanani. Nungwi unazamia kutoka kwenye boti. Unakaa ukingoni, unashika miwani, unajiangusha kinyumenyume, bahari inakupokea kama godoro. Tulamben, huku kaskazini mashariki mwa Bali, Indonesia, meli iliyozama tuliyokuja kuizamia imelala mita 30 hivi tu kutoka ufukweni. Boti ya nini? Unavaa mtungi nchi kavu, unaingia majini kwa miguu yako, unaogelea kidogo, unashuka, umefika. Nilipoambiwa nikacheka. Nikasema hii si kuzamia, hii ni kutumwa dukani.

Ufukwe wenyewe hauna mchanga wa kukanyaga. Ni mawe meusi ya volkano, ya mviringo, mengine kama mkate wa mofa, mengine kama boga, na maji yameyasugua yakawa laini kama upara wa mzee wangu. Mitungi hubebwa na akina mama wa kijiji. Kichwani, jamani. Wa kwetu alikuwa bibi mfupi, ananifika kwapani, kajifunga kitambaa kiunoni, kapiga kata kichwani, na juu ya kata mitungi miwili pamoja na majaketi yake ya kuelea. Mtungi mmoja una kilo 15 hivi. Anapita juu ya mawe yale na ndala, anaongea na mwenzake wa nyuma bila kugeuka. Mimi nilikuwa nimebeba miwani yangu tu, na niliteleza mara mbili.

Kijana wa kutuongoza akatuweka kitako kutupa maelekezo. Upepo kidogo kwenye jaketi. Miwani usoni, mpira wa hewa mdomoni, mapezi mkononi. Subiri mawimbi makubwa yapite, halafu ingia moja kwa moja bila kusimama mpaka maji yafike kifuani, ndipo uvae mapezi. Ukianguka usipigane kusimama, lala hapohapo, tambaa, ogelea. Na usiipe bahari mgongo. Akamalizia na "pelan-pelan", yaani polepole, neno ambalo halikuhitaji mkalimani. Swahiba wa Dodoma anatikisa kichwa kama mtoto wa darasa la kwanza. Mimi najikuna. Nina mkanda wa vipande vya risasi kiunoni, ule uzito wa kukuzamisha, natazama upeo wa bahari kama baharia wa kwenye kalenda.

Nikamwambia swahiba, na hapa ndipo paniumapo mpaka leo: "Nipige video naingia."

Ndiyo. Mimi mwenyewe. Niliomba.

Basi nikaingia. Maji yakafika magotini. Mawimbi yametulia, kijana mbele yangu ananiashiria njoo, njoo, njoo. Nikasimama. Nikageuka. Bahari nikaipa mgongo, bibi yangu mzaa mama asamehe huko aliko, maana katukataza utoto mzima. Nikaitazama kamera nikainua kidole gumba. Kwa wazamiaji kidole gumba juu maana yake "nimemaliza, napanda". Na kweli nilikuwa nimemaliza.

Nitakuwa mkweli kuhusu lile wimbi. Halikuwa kubwa. Swahiba anawaambia watu lilikuwa tsunami, hapo ananistahi tu. Lilikuwa wimbi la kimo cha goti. Lilikuja kwa adabu, kama mgeni anayevua viatu mlangoni, likanigonga nyuma ya magoti, na magoti yakakunjika yenyewe. Nikakaa. Mtungi ukagonga jiwe, ngaa! kama kengele ya shule. Kwa nukta kama mbili hivi nilikaa pale na heshima zangu zote, maji kifuani, kama mtu aliyeamua kupumzika. Ningebaki hivyo, leo msingekuwa na la kusema.

Nikajaribu kusimama.

Sasa piga hesabu. Mtungi mgongoni, risasi kiunoni, uzito wote uko nyuma, na chini mawe yanabingirika kama machungwa yaliyomwagika sokoni. Nikainuka nusu. Mawe yakaondoka. Nikaenda chali. Chali ya kuandikwa: mtungi chini, tumbo juu, miguu miwili hewani, mikono inapapasa upepo. Mnamkumbuka yule kobe tuliyekuwa tunampindua utotoni, shingo inatoka, inaingia, inatoka? Dada uliyeandika "pole ila shingo imeniua", nimekuona. Najua ilitoka na kuingia. Nilikuwa natafuta hewa wakati nina hewa ya mtungi mzima mdomoni.

Likaja la pili. Likanisukuma juu ya mawe, likirudi likanivuta chini. Juu. Chini. Juu. Chini. Mawe yananguruma chini yangu kama gunia la nazi linamwagwa. Kama umewahi kukaa kwenye mbuzi ukakuna nazi, ule mwendo ndio huo, tofauti ni kwamba nazi nilikuwa mimi. Pezi moja likanitoka mkononi. Nililiona likiondoka, la njano, likaelea karibu na pua yangu kama linaaga, likaenda zake.

Nikapiga ukelele. Wapenzi wasikilizaji, nilisema "Mama yangu wee!" Hiyo ndiyo kauli rasmi. Ila mdomoni nina mpira wa hewa, kwa hiyo kilichotoka ndicho hicho mnachokisikia, "Mbwawawaaa", ambacho tayari ni mlio wa simu wa watu watatu ninaowafahamu, mmoja wao ni msimamizi wangu wa kazi.

Halafu nikashika kitu cha kwanza kilichofika mikononi. Ulikuwa mguu wa bibi.

Alikuwa kashuka ukingoni na mizigo ya wageni wengine, mitungi miwili kichwani kama kawaida yake. Nimeng'ang'ania kifundo cha mguu wake kwa mikono yote miwili, wimbi linanivuta na kilo zangu 88, na yule mama hakutikisika. Mitungi haikutikisika. Akanitazama kutoka juu, vile unavyomtazama kuku aliyeingia sebuleni. Akachuchumaa, mgongo umenyooka kama fito, mkono mmoja kichwani, wa pili akaushusha akakamata shingo ya mtungi wangu. Akangoja. Wimbi lililofuata lilipokuja akanivuta nalo, kinyumenyume, visigino vyangu vinagonga jiwe moja moja, tok, tok, tok, mpaka pakavu. Aliponiachia alijipangusa mkono kwenye kitambaa, akasema maneno machache kwa lugha yao ya Bali, na akina mama wote pale ufukweni wakashika mbavu. Wote. Na mzee wa kuuza nazi.

Nikamuuliza kijana, kasemaje? Akasema, "Anakupa pole." Kwa pole gani watu wanakaa chini kucheka?

Yaliyofuata nayapitisha haraka. Nililetewa pezi jingine, jeusi, nikazamia na mguu mmoja wa njano na mmoja mweusi kama shabiki wa Yanga. Swahiba wa Dodoma akaingia majini kama anayepita sebuleni kwa mkwe, hatua ndogondogo, macho chini, hakulowa hata nywele mpaka alipotaka mwenyewe. Sina la kuongeza hapo.

Meli je? Mmeuliza sana, nadhani kwa kunihurumia. Ni USAT Liberty, ya mizigo ya jeshi la Marekani, iliyoundwa 1918, ndefu zaidi ya mita 120. Januari 1942 nyambizi ya Kijapani iliipiga torpedo huko mlango wa bahari wa Lombok. Waokoaji wakaikokota waifikishe Singaraja, ikawa inajaa maji, wakaona bora waipandishe ufukweni, na ufukwe wenyewe ndio huu. Ikakaa hapo nchi kavu miaka 21. Mpaka mlima Agung ulipolipuka mwaka 1963 na ardhi kutikisika, ndipo ikateleza ikazama ilipo sasa. Kijana alikuwa anatueleza haya kwa moyo mweupe kabisa, na swahiba akaninong'oneza: chuma kimekula torpedo, kimesimama ufukwe huu miaka 21, kimetolewa na volkano. Wewe umetolewa na wimbi la goti.

Chini kulikuwa kuzuri, sitaki kudanganya. Meli imelala ubavu, matumbawe yameivaa yote, sehemu zake za juu ziko kina cha mita chache tu na za chini zinakaribia mita 30, sisi tukaishia 18. Kwenye mchanga mweusi kuna mikunga wembamba wamesimama wima kama majani ya mpunga, ukiwasogelea wanazama mashimoni mmoja mmoja. Na tulikuwa tumewahi alfajiri, tukawakuta pono wenye nundu kichwani, kundi zima, kila mmoja kama mbuzi wa Idi, wanatafuna matumbawe na unasikia kabisa kru, kru. Ningewafurahia zaidi kama nisingekuwa navuta hewa kama mchezaji wa dakika ya 120. Wenzangu wana nusu mtungi, mimi mshale wa kipimo cha hewa unanichungulia. Tukapanda kwa ajili yangu.

Kabla ya kutoka unasimama kina cha mita 5 kwa dakika 3, mwili upumue. Zile dakika 3 zilikuwa ndefu kuliko zamu ya usiku. Juu yangu nayaona mawimbi yanavunjika kwa upande wa chini, meupe, na nayasikia mawe yakinguruma, yananisubiri. Nikafanya uamuzi. Nilitoka baharini kwa miguu minne, tumbo chini, mpira mdomoni, nikatambaa mpaka kwenye miguu ya bibi. Akanivua mtungi mwenyewe bila kuombwa.

Jioni, kijana aliposhiba mchele na samaki wetu, ndipo akafungua moyo. Bibi aliuliza, "Huyu kwao hakuna bahari?" Na swahiba, akiwa pale pale na simu yake mkononi, akamjibu kupitia kijana kwamba ipo, tena huyu kazaliwa ufukweni kabisa. Bibi akafikiri kidogo. Akauliza: "Sasa huko kwao huwa anaopolewa na nani?"

Mlioko Tanga mnaweza kumjibu. Wapemba, nyamazeni, hili haliwahusu.

Jana asubuhi tulirudi. Nilitambaa kuingia, nilitambaa kutoka, na bibi alinipigia makofi. Video ya hiyo hakuna, maana nilimbebesha swahiba mapezi yangu, yake, na kamera, kila mkono umejaa. Lile pezi la njano bibi ndiye aliyeliokota, analo pale ukingoni, kanionyesha kwa mbali akaniita nikalichukue. Nikamtuma mtu wa Dodoma.