Mkimbiaji Asipoonekana Kazini Jumatatu

Kilimanjaro Marathon hukimbiwa Moshi siku ya Jumapili, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, na kesho yake baadhi ya ofisi za Dar es Salaam hubaki na viti vitupu. Kuna walio bado ndani ya basi, kwani safari hiyo hula siku nzima, na kuna waliokwisha kufika lakini mapaja yamewakaza hata hawawezi kushuka ngazi bila kushika ukuta. Hapo ndipo maneno huanza kwamba hizi jogging zinawafanya watu kuwa watoro. Kwa maoni yangu, lawama hiyo haina msingi.

Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba wafanyakazi wanaofanya michezo huugua mara chache zaidi, na katika miaka 4 jumla ya siku zao za kukosa kazi kwa ugonjwa ilikuwa pungufu kwa takriban siku 20 kuliko ya wenzao wasiofanya michezo. Ni kweli kwamba mwenye afya njema ndiye anayepata nguvu ya kuamka alfajiri akakimbie, kwa hiyo haifai kuzipa mbio sifa yote. Tena kuzidisha kuna gharama yake: baada ya mbio za marathoni za Los Angeles za mwaka 1987, karibu 13 kati ya kila wakimbiaji 100 walieleza kupata maambukizi ya njia ya hewa katika wiki iliyofuata, ilhali miongoni mwa wenzao waliojiandaa lakini hawakukimbia walikuwa kama 2 tu. Kwa maneno mengine, anayekimbia kilomita chache mara tatu kwa wiki hafanani na anayejitosa kwenye kilomita 42 kwa maandalizi ya mwezi mmoja, ingawa ofisini wote huitwa wanamichezo.

Sheria yetu haina utata. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, mradi alete cheti cha daktari. Goti lililoumia barabarani alfajiri ni goti bovu sawasawa na lililoumia bafuni, na bosi anayeipokea ED, yaani cheti hicho cha daktari cha kumpumzisha mtu kazini, huku akiguna kwamba "umejitakia" anaongeza sharti lake mwenyewe. Uchovu wa kawaida, hata hivyo, si ugonjwa. Tarehe ya mbio hujulikana miezi kadhaa kabla, na anayekwenda Moshi bila kuiombea Jumatatu likizo, kisha akatafuta ED ya kuifunika, anawaharibia wenzake walioumia kweli.

Linalonikera zaidi ni mwajiri anayechapisha fulana zenye nembo ya kampuni, akapiga picha na wafanyakazi kwenye mstari wa kuanzia, kisha mmoja wao akiteguka kifundo cha mguu anaambiwa kwamba hayo ni mambo yake binafsi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hulipa ajali inayotokana na kazi na kutokea mtu akiwa kazini, na mbio za namna hiyo ziko mpakani kabisa. Kabla ya kuagiza fulana, kampuni iandike bayana ni nani atakayebeba gharama za matibabu, na kama Jumatatu itahesabiwa kuwa siku ya kazi au ya mapumziko.