Camaro haikuuawa na sura yake

Ukitaka kuwachokoza watu wanaopenda magari ya misuli ya Kimarekani, taja tu Camaro SS ya 2019, ile ya Chevrolet yenye injini ya V8 (silinda nane). Huna haja ya kuongeza neno. Mmoja atacheka, mwingine atakuletea picha, wa tatu ataapa kwamba ule uso ndio ulioizika Camaro. Huyo wa tatu ndiye ninayetaka kubishana naye leo.

Tuanze na mahali ninapokubaliana naye. Chevrolet waliionyesha Aprili 2018. Camaro ya kizazi cha sita, iliyoingia sokoni kama modeli ya 2016, ilikuwa na uso ambao wengi waliukubali: grili nyembamba juu iliyounganisha taa mbili, chini yake kipande cha bampa chenye rangi ya gari, halafu tundu pana la hewa karibu na lami. Kwenye SS ya 2019 kile kipande cha katikati kikafanywa cheusi, na nembo ya Chevrolet ikabandikwa juu yake. Matokeo yake, ukiitazama kwa mbali, grili ya juu na tundu la chini vikawa kitu kimoja cheusi kuanzia boneti hadi chini, na gari lililokuwa likikukazia jicho likabaki limeachama kama kambare.

Nembo yenyewe ilikuwa na sababu. Ilikuwa fremu tupu, katikati wazi, ili hewa ipite kwenda kwenye rejeta. Walishaitumia kwenye Z/28 ya kizazi kilichotangulia, gari lililotengenezwa kwa ajili ya kukimbizwa uwanjani, ambako injini ya V8 hupumua kwa shida joto likipanda. Sina ugomvi na fremu ile. Ila ule weusi sijawahi kusikia mhandisi akiutetea.

Kelele zikapigwa, na Chevrolet wakasikia haraka kuliko kampuni za magari zilivyozoea. Mwishoni mwa mwaka huohuo, kwenye maonyesho ya SEMA kule Las Vegas, wakaleta Camaro ya manjano kali waliyoiita Shock. Kipande cha katikati kilikuwa kimerudishiwa rangi ya gari, na nembo imepandishwa kwenye grili ya juu. Ule ndio uso walioupa SS ya 2020. Mashabiki wakasherehekea: tumeongea, tumesikilizwa.

Sasa njoo kwenye hesabu. Mwaka 2018 Marekani walinunua Camaro kama 51,000. Mwaka 2019, ule wa uso mbaya, wakanunua kama 48,000. Imeshuka, ndiyo, lakini huko si kuanguka. Anguko lilikuwa limeanza kabla ya mtu yeyote kuuona ule weusi: 2015 zilikuwa zaidi ya 77,000, na 2017 zikawa zimeshafika chini ya 70,000. Kisha 2021, uso ukiwa umeshatengenezwa na mashabiki wameridhika, hazikufika hata 22,000. Mwaka huo kiwanda cha Lansing, Michigan, kilisimama kwa muda mrefu kwa kukosa chipu za kompyuta, kwa hiyo simlaumu mnunuzi kwa tarakimu yote hiyo. Lakini mwaka uliofuata Camaro haikuvuka 25,000, ilhali mshindani wake Ford Mustang ilikuwa juu ya 47,000 na Dodge Challenger juu ya 55,000. Chipu ziliadimika kwa wote.

Kwa hiyo uso ulirekebishwa na mgonjwa akaendelea kukonda. Kwa nini?

Jibu langu liko kwenye madirisha.

Camaro ilikufa mara ya kwanza mwaka 2002. Januari 2006, kwenye maonyesho ya magari ya Detroit, Chevrolet wakaleta gari la mfano lililokopa mabega ya Camaro ya 1969, likayapandisha juu, likashusha paa, na kati ya hivyo viwili likaacha ufa mwembamba wa kioo. Watu walipagawa. Mimi mwenyewe niliiweka ile picha kwenye kompyuta na ikakaa hapo muda mrefu kuliko picha za ndugu zangu. Uzuri wote wa gari lile ulikuwa kwenye huo uwiano: chuma kingi, kioo kidogo. Lilipoingia barabarani mwaka 2009 walilileta karibu kama lilivyokuwa, na likauza. Kuanzia 2010 hadi 2014 Camaro iliipita Mustang kila mwaka, jambo ambalo watu wa Ford hawapendi kukumbushwa.

Hapo ndipo Chevrolet walipojifunza somo ambalo halikuwa la kweli. Waliamini kwamba sura ile ndiyo biashara yenyewe, isiguswe. Walipotengeneza kizazi cha sita walibadilisha karibu kila kitu chini ya bodi: jukwaa jipya, yaani mifupa ya gari, liitwalo Alpha walilochangia na Cadillac, uzito ukapungua kwa zaidi ya kilo 90, usukani ukawa mkali, na injini ya SS, ile V8 ya lita 6.2, ikatoa nguvu farasi 455. Wanahabari wa magari walioijaribu kwenye kona waliisifu hadi wakakosa maneno. Mwaka 2017 ZL1 1LE, toleo lake kali la uwanjani, ilizunguka uwanja wa mbio wa Nürburgring kwa dakika 7 na sekunde 16. Gari la Chevrolet la milango miwili, kutoka Michigan, likifanya hivyo Ujerumani! Lakini gari lenyewe lilikuwa dogo kuliko lile la 2009, na madirisha yakabanwa vilevile.

Nimewahi kukaa kwenye usukani wa moja ya hizo, ya kukodi. Ukifunga mlango, ukingo wa dirisha unakufika begani. Ule mkao wa kuegemeza kiwiko dirishani, ambao kwangu ni nusu ya sababu ya kuwa na gari la namna hii, unaupata kwa kuinua mkono kama unayeomba ruhusa darasani. Ukisimama wa kwanza kwenye taa za barabarani, paa linakuzibia taa. Inabidi uiname hadi kidevu kikaribie usukani ndipo uone kama imewaka kijani. Ukigeuka kutazama nyuma kabla ya kuhama mstari, unakutana na nguzo pana, halafu kiti, halafu kipande cha mwanga. Ndani kuna mambo ya busara pia. Nilipenda jinsi pete zinazozunguka matundu ya hewa zilivyofanywa ndizo za kurekebishia ubaridi, unazungusha tundu lenyewe badala ya kutafuta kitufe. Lakini matundu hayo yako chini mno, karibu na gia, na mkono wangu ulikuwa unaganda kila nilipoushika mpini. Kwenye buti, begi la kawaida la safari ya ndege liligoma kupita mlangoni hadi nilipolilaza ubavu. Vitabu vinasema buti lile ni la lita 257 hivi, wakati la Mustang ni kama 380 na la Challenger karibu 460.

Mambo haya yote hayaonekani kwenye picha, na picha ndiyo inayobishaniwa. Gari jipya likitoka, kampuni inatoa picha ileile ya kila siku, limepigwa kutoka mbele kwa upande kidogo, magurudumu yamepindishwa, taa zimewaka. Sisi mashabiki tunavamia kilichowekwa mbele yetu: grili, taa, nembo, rangi. Hakuna anayepigania ukingo wa dirisha, kwa sababu kwenye picha ukingo ulio juu unapendeza. Kile kilichokuwa kinamfukuza mnunuzi ndicho hasa tulichokuwa tunakipigia makofi tangu 2006. Na mnunuzi mwenyewe haingii kwenye mabishano. Anakwenda kwa muuzaji Jumamosi, anaingia ndani, anatazama kushoto, anatazama kulia, anashuka, anavuka barabara kwenda kujaribu Mustang.

Kaka mmoja ninayebishana naye sana huniambia, "Wewe unataka gari la kubebea sokoni, kanunue Noah." Sawa, hoja ninaielewa. Gari la misuli si la busara, na asiyetaka kuteseka kidogo asilinunue. Ila mwangalie Challenger. Lilitoka 2008, zito, kuukuu, mifupa yake ina damu ya Mercedes ya enzi za ndoa ya Daimler, wenye Mercedes, na Chrysler, wenye Dodge, na kwenye kona linayumba kuliko hao wenzake wawili. Sura yake ya mwaka 1970 haikuguswa kwa maana yoyote kwa miaka 15. Lakini watu wazima wanakaa nyuma, mabegi yanaingia, na mwaka 2021 lilimpita hata Mustang kwa mauzo. Ukali wa gari na starehe ya abiria vinaweza kukaa nyumba moja.

Nakubali pia kwamba Camaro haikuuawa na kitu kimoja. General Motors, kampuni mama ya Chevrolet, walikuwa wanahamishia fedha kwenye magari ya umeme na yale marefu ya familia, na gari la milango miwili halikuwa na mtetezi mwenye sauti mle ndani. Machi 2023 walitangaza kwamba modeli ya 2024 ndiyo ya mwisho. Lakini Ford nao waliacha kuuza sedani Marekani, nao wakakimbilia umeme, na Mustang wakaibakiza. Gari linalouza humpata mtetezi.

Sisemi kwamba kelele za mashabiki hazina kazi. Katikati ya miaka ya 1980 Ford walikuwa wamejiandaa kuleta Mustang inayovutwa na magurudumu ya mbele, iliyojengwa na Mazda. Habari zilipovuja mwaka 1987 barua za hasira zikawamiminikia, na gari lile likaja kuuzwa kwa jina la Probe huku Mustang ikibaki na V8 na kusukumwa kutoka nyuma. Mashabiki wale walikuwa wanapigania roho ya gari, jambo ambalo hata dereva aliyefumba macho angelihisi. Linganisha na Dodge Charger iliyorudi kama modeli ya 2006 ikiwa na milango minne. Watu walilia kana kwamba kuna msiba, halafu familia zikainunua, polisi wakainunua, na waliolia wakazoea. Mustang ya 2018 iliposhushwa boneti na taa, tukasema imenuna. Iliyotambulishwa Septemba 2022 ilipotoka, tukasema imefanana na Camaro! Camaro ileile tuliyoikimbia.

Sisi wa Dar na Nairobi tuna kichekesho chetu kidogo humu. Tunabishana kuhusu Camaro kwa jasho, na Chevrolet hawakuwahi kuitoa kiwandani ikiwa na usukani wa kulia. Australia ilibidi kampuni ya huko, HSV, wazifumue na kuzigeuza wenyewe. Ford walianza kutengeneza Mustang ya usukani wa kulia na kizazi cha 2015, ndiyo maana ukikutana na gari la misuli kwenye mitaa yetu, uwezekano mkubwa ni farasi yule. Tunaopiga kelele zaidi kuhusu grili ndio ambao muuzaji wa Chevrolet hatatuona kamwe.

Walipoiaga, Chevrolet walisema huu si mwisho wa hadithi ya Camaro. Ikirudi, iwe ya petroli au ya umeme, mimi nitaruka picha za mbele nikatafute ya ubavuni, nipime kioo kwa chuma. Washushe ukingo wa dirisha vidole vinne, wainue paa viwili, waweke buti linalopitisha begi. Grili, kama wanaipenda sana nyeusi, waipake.