Nimefukuzwa kwenye gemu kwa kosa la kulala

Jamani mi nimefukuzwa. Sio kazini, kazini bado wananivumilia. Nimefukuzwa kwenye gemu, kwenye klani, yaani lile kundi letu la wachezaji tunaopigana vita pamoja. Naamka nafungua simu nikague kijiji changu, nakuta ujumbe: "Shikamoo anko. Samahani nimekutoa kwenye klani, hujaingia siku 4. Ukiwa na muda utaomba tena." Yaani kaniamkia kwanza ndo akanitoa. Lida wetu ni mtoto, sauti yake ndo kwanza inaanza kukwaruza, ila kwa ukali hajawahi kufikiwa na bosi yeyote niliyepitia.

Na gemu lenyewe nilipakua ili nipumzike!! Nikasema mtu mzima nikitoka kwenye mihangaiko nijenge ukuta wangu, nimwibie jirani dhahabu kidogo, nilale. Nani aliniambia kuna mahudhurio? Kuna zawadi ya kila siku, ukiruka siku moja tu unarudishwa siku ya kwanza (mi siku ya sita nimefika mara tatu, ya saba sijui ina nini mpaka leo, nasikia ni sanduku), kuna kuchangia askari kila wiki na jina lako linapangwa kwenye orodha kila mtu aone ulivyo bahili, kuna mashindano ya klani kila mtu alete pointi zake, halafu kuna vita. Ukijikausha simu inalia: "Wanakijiji wako wamekukumbuka!" Wamenikumbuka wapi, wangenikumbuka wangenitoa?

Mambo haya hayajaanza leo lakini. Nyie mnaikumbuka FarmVille, ile ya kwenye Facebook, 2009 hiyo? Unapanda mazao, usipoenda kuvuna kwa wakati yanakauka yote, unabaki unaangalia shamba kama umefiwa. Animal Crossing wao ni wapole, ila ukipotea miezi ukirudi unakuta magugu kila mahali, ndani ya nyumba mende, na majirani wanakuuliza ulikuwa wapi siku zote. Hapo umelipia gemu kwa hela yako halafu unasutwa na wanyama wa katuni. Walioniheshimu mimi ni World of Warcraft peke yao, tangu 2004, unampeleka mtu wako kwenye nyumba ya wageni unazima unaenda zako, ukirudi wanasema huyu kapumzika, kila adui unayemuua unapata pointi za uzoefu mara mbili mpaka mapumziko yako yaishe. Umelala, na bado unalipwa. Huo ndo utu.

Sasa wacha niseme ukweli maana najua kuna mtu wa klani yetu atasoma hapa. Hiyo sheria ya kumtoa asiyeingia siku 3 niliileta mimi.

Ilikuwa hivi. Vita yetu inaenda saa 24, kila mtu ana mashambulizi mawili, basi, ukilala hakuna wa kukupigia. Na adui mnapangiwa kulingana na mliojiandikisha, kwa hiyo mkijiandikisha kumi na tano na mmoja akalala, wenzenu wanakuja kumi na tano kamili nyie mmebaki kumi na nne na kaburi. Ushindi unahesabiwa kwa nyota, tukapigwa kwa tofauti ya nyota moja. Moja! Na kulikuwa na jamaa mmoja, yule mwenye picha ya paka, mashambulizi yake yote mawili hajagusa. Nilipandwa na hasira nikaandika kwenye grupu ujumbe mrefu kama hati ya mashtaka, nikasema klani sio gesti, asiyeingia siku 3 atoke nje, haijalishi ana cheo gani. Nikashangiliwa, nikapewa unaibu siku hiyohiyo. Jamaa wa paka akatolewa. Hata hakujitetea masikini.

Mnaona sasa. Wiki iliyopita nilichoka. Sikuumwa, sikusafiri, simu haikuibiwa, nilichoka tu, sikutaka kugusa kitu chochote chenye kitufe cha kukusanya. Na kumbe kwenye sheria zetu kuna msamaha wa mgonjwa, wa mwenye mitihani, wa aliyevunja kioo cha simu, ila wa aliyechoka hamna. Ukitaka kupumzika kwenye burudani inabidi kwanza uumwe!

Na sisemi sheria zifutwe zote, hapana. Mtu akiingia mechi ya watano kwa watano halafu akatokomea katikati, wenzake wanne wanachapwa nusu saa nzima, huyo aadhibiwe, Dota 2 wanamtupa kwenye foleni ya watoro acheze na watoro wenzake huko wajuane, safi sana. Lakini mimi sikuwa kwenye vita! Kwenye gemu letu kuna kitufe, kijani nipo vitani, chekundu nipo pembeni, na mimi nilishabonyeza chekundu kabla sijalala, sikumchukulia mtu nafasi vitani, sikumpotezea mtu hata nyota moja. Nimekaa kimya kwenye kijiji changu naporwa dhahabu yangu mwenyewe, inawauma nini? Nimemwambia lida hivyohivyo. Kajibu: "Anko sheria ni yako, imeandikwa siku 3, haijaandikwa kitufe." Mtoto mbishi huyu. Tena saa ile alitakiwa awe amelala, ila hilo sikulisema, nilikuwa natafuta huruma.

Basi nikaomba upya kama nilivyoelekezwa. Lida kasema maombi siku hizi haangalii yeye, yuko bize, anaangalia naibu mpya. Nikauliza nani huyo. Kimya. Baada ya kama dakika tano nikaona picha inatokea kwenye chati, paka. Kumbe alirudi zamani, akapanda vyeo kimyakimya, kiti changu amekalia yeye.

Kaandika neno moja: "Sababu?"

Nikafikiria niseme naumwa. Nikafuta. Nikaandika mitihani, nikakumbuka umri wangu, nikafuta. Mwisho nikaandika nilikuwa nimelala, mkuu. Kasoma tangu asubuhi. Inaandika "anaandika…", inaacha, inaandika tena.