Sikusema Bomu

Naomba niongee mwenyewe kabla ile sauti haijafika Kigoma. Mshikaji wangu, ambaye Jumamosi hiyo alikuwa gengeni anakula muhogo wake, ameirusha kwenye kundi la mtaa: eti nilitoka nduki napiga kelele "Bomu! Bomu!" huku nimemwacha baba mkwe ndani. Uongo. Sikusema bomu. Nilisema "Mama yangu!" Hayo mengine ni kweli.

Wa Kigamboni mnaijua Aprili yetu. Chumvi inalowa kwenye kopo, viatu vya kanisani vinaota ukungu kabatini, godoro ukililalia unahisi kuna mtu katoka kuoga akajilaza hapo. Katika mwezi huohuo, mimi na akili zangu timamu, nikaamua kufunika sakafu yangu ya niru kwa mbao. Na si mninga. Ni zile za kubofya, milimita 8, juu picha ya mti, ndani unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi. Mama watoto alisema tuweke marumaru. Nikamjibu marumaru ni za baa. (Mnaocheka mmekaa juu ya marumaru zenu kwa amani, najua.)

Fundi alikuwa mtu mzima, mpole. Kabla ya lolote akalaza kipande cha nailoni sakafuni, akakizungushia selotepu pande zote nne, akasema tukiache mpaka kesho. Kesho yake chini ya nailoni kuna matone kama kioo cha daladala siku ya mvua. "Bosi, saruji yako inatoka jasho. Walipomwaga jamvi la zege hawakutandika nailoni chini. Subiri kwanza masika ipite."

Nikachukua kitambaa nikayafuta yale matone. Nikamwambia, "Yameisha."

Akaguna, akaanza kupanga. Mara naona anaacha upenyo ukutani, kidole kidogo kinapita, kuzunguka chumba kizima. Nikayatazama maboksi yangu 11, nikajua mzee kashapiga hesabu ya kuondoka na mawili. Akajitetea kwamba mbao hizi zikinywa unyevu zinatanuka, lazima ziwe na pa kwendea, na upenyo wenyewe utafunikwa na sketingi, ule ubao mwembamba wa chini ya ukuta, wala hautaonekana. Nikamlipa, nikamtimua. Upenyo nikauziba mwenyewe kwa vipande, nikashindilia kwa nyundo mpaka mijusi ikakosa makazi.

Wiki mbili nilikuwa Ulaya. Mgeni akifika mlangoni namwambia "vua viatu" kabla ya "karibu". Wiki ya tatu mlango ukaanza kukwaruza chini; nikamlaumu seremala. Kisha katikati ya sebule pakainuka, kama kuna mtu kalala chini ya shuka. Nikatandika zulia juu yake. Ndiyo, wadau, nilimfunika.

Sasa Jumamosi. Baba mkwe kaja na treni kutoka Dodoma, mara yake ya kwanza kuingia kwangu tangu nimuoe binti yake. Shemeji yangu mdogo, kwa heshima ya baba yake, kaamka alfajiri kapiga deki. Ndoo mbili. Nimesema mbili. Mimi nilikuwa stesheni nampokea mzee, sikujua.

Tukafika, shikamoo zikapita, pilau ikatengwa. Mzee akasema tusimame tuombe. Akasogea katikati ya sebule, akapanda juu ya zulia. Juu ya yule mtu wangu aliyelala.

Nikasikia "nyii."

Mzee akafumba macho, akainua mkono. Ni mtu wa mwili, mkulima wa zabibu, si mtu wa kusimama hovyo juu ya vitu. Akaanza kushukuru kwa safari. "Nyii" ikawa "nyiiiii". Nikafumbua jicho moja. Naona zulia linashuka taratibu chini ya miguu yake, na kule karibu na kabati la vyombo sakafu inapanda, inapanda, vikombe vinaanza kugongana tiki-tiki kama meno ya mtu mwenye homa. Akahamia kuombea wagonjwa. Akaegemea mguu wa kulia. Sketingi ikatoa ncha ya msumari ukutani, polepole, kama konokono anatoa pembe. Nikataka kusema "baba, samahani, sogea kidogo," lakini mkwe wako unamkatishaje akiwa anaongea na Mungu? Nilishika bakuli la kachumbari. Sijui kwa nini. Jasho linanitoka kama saruji yangu.

Akahamia mguu wa kushoto.

PAAA!

Jamani, sketingi iliruka ukutani ikapita sebuleni kama mkuki, ubao ukasimama wima, vikombe sita chini. Kichwani mwangu likaja neno moja tu: transfoma. Nikaja kupata fahamu niko chini ya mwarobaini wa jirani, soksi mguu mmoja, kachumbari mkononi, haijamwagika hata kitunguu. Mbele yangu mshikaji wangu, muhogo mdomoni, simu mkononi.

Ndani kimya. Kisha kupitia dirishani nikaisikia sauti ya baba mkwe, tulivu kabisa, hajafumbua macho: "...na umlinde pia kijana wetu huyu, popote alipokimbilia. Amina."

Wakaitikia wote. Mama watoto ndiye aliitikia kwa nguvu zaidi.

Nikarudi, tukala, hakuna aliyetaja sakafu. Kachumbari ilisifiwa. Jumatatu nikampigia yule fundi. Alicheka mpaka salio langu likaisha. Mbao zimeng'olewa, nyingine zimeenda banda la kuku, tumerudi kwenye niru mpaka masika iishe, na marumaru mama watoto kashachagua rangi peke yake.

Mzee kasharudi Dodoma. Jana jioni kapiga simu. Nikapokea, "Shikamoo baba." Akanyamaza kidogo, akauliza, "Marahaba. Uko ndani au uko nje?"