Jina Langu Umelitoa Wapi?

Ukiuza huduma kwa hoteli za Arusha na Zanzibar kwa kuwaandikia barua pepe watu wasiokujua, swali hili halitachelewa kukufikia: jina langu na anwani yangu umevitoa wapi? Kwa maoni yangu, faili zima la wateja unaowawinda lipangwe kwa namna ya kulijibu. Rangi za Excel na programu za kulipia kila mwezi ni mapambo.

Mafaili mengi ninayotumiwa yamebana kila kitu kwenye mstari mmoja: hoteli, mmiliki, meneja, simu, barua pepe. Sasa meneja akihamia hoteli ya jirani, na katika kazi hii watu huhama kweli, mwenye faili hufuta jina la zamani na kuandika jipya. Mazungumzo yote ya nyuma yanamwangukia mgeni asiyejua lolote. Kampuni ziwe na jedwali lao, kila moja na namba uliyoipa mwenyewe, watu wawe na lao, na kila mtu abebe namba ya kampuni anakofanya kazi. Akihama, unabadilisha namba hiyo tu: uliyezoeana naye unamfuata alikokwenda, na hoteli unaitafutia mtu mwingine.

Jina la kampuni lisitumike badala ya namba. Hoteli ina jina la kwenye kibao, na kampuni iliyosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa kampuni Tanzania Bara, au BPRA kwa upande wa Zanzibar, huenda ikawa na jina jingine kabisa. Halafu kuna “Ltd”, “Limited”, “Co. Ltd” na “(T) Ltd”, kompyuta inahesabu kampuni nne. Kukamata waliojirudia, mimi hulinganisha anwani za tovuti. Wanaotumia Gmail badala ya barua pepe yenye jina la tovuti yao, nao si wachache, itabidi uwakague kwa macho. Na kolamu ya simu igeuze iwe ya maandishi kabla hujabandika kitu, kwa sababu Excel hula sifuri ya mwanzo bila kumuuliza mtu.

Kolamu ninazozipigania zaidi ni mbili: chanzo na tarehe. “Kadi, maonyesho ya Arusha, Juni.” “Tovuti yao, ukurasa wa mawasiliano.” Maneno machache tu, lakini ndiyo jibu la lile swali. Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Kenya ina yake ya 2019, inayotaka ridhaa ya wazi ya mhusika, au ruhusa ya sheria naye akiwa amejulishwa, kabla ya taarifa zake kutumika kibiashara. Anayekuuzia orodha ya maelfu ya mameneja anakuachia kolamu ya chanzo tupu, na fedha umeshatoa. Google nao, tangu Februari 2024, wanawataka wanaotuma kwa wingi kwenda Gmail wasifikishe malalamiko matatu, yaani wapokeaji kuziripoti kuwa barua taka, kwa kila barua elfu moja. Orodha ya kununua hufika hapo upesi.

Aliyesema hapana usimfute kabisa. Ukimfuta, mwezi ujao kijana wako wa mauzo atamwokota tena kwenye tovuti ileile na kumbishia hodi kana kwamba hakuna kilichotokea. Ondoa mengine yote, bakiza anwani na neno “asiandikiwe”, na kila orodha mpya ipitishwe hapo kwanza. Hili hata wenye programu za bei mbaya hulisahau.

Kupitia orodha nzima nashauri ifanyike Aprili na Mei, wakati wa masika. Wageni ni wachache, baadhi ya hoteli zimefunga, na mtu wa mapokezi anayo nafasi ya kukuambia nani ameondoka na nani ameletwa. Msimu ukishafunguka Juni, hata simu yako hawaipokei.