Kufuli Lilifunguka, Sanduku Si Letu

Sanduku la bati la mwanafunzi lina adui mkubwa kuliko kutu, naye ni sanduku lingine linalofanana nalo. Mafundi wetu wa hapa Busia, upande wa Uganda, hununua bati lilelile, hupiga riveti kwenye pembe zilezile, kisha hupaka ile rangi ya kijani iliyobaki kwenye mlango wa mtu. Yapange kumi kando ya barabara uone kama fundi mwenyewe atakuambia lipi ni la nani. Ndiyo maana mimi, ninayeuza vifaa vya shule, kila mzazi namwambia kabla hajafungua pochi: jina liandikwe kwa rangi ya mafuta, juu ya kifuniko na ubavuni pande zote mbili. Sanduku likishasukumwa kwenye rundo la mizigo, ubavu ndio unaoonekana.

Kaka yangu, Baba Wandera, haambiliki. Mwandika mabango alitaka shilingi 5,000. Kaka akacheka, akachana karatasi ya daftari, akaandika jina la mwanawe, WANDERA, SENIA WANI, yaani kidato cha kwanza, kwa kalamu ya wino, akaibandika kwa selotepu juu ya bati lililokuwa limekaa juani tangu asubuhi likila vumbi la malori ya mpakani. Sasa selotepu juu ya vumbi haishiki bati. Inashika vumbi, halafu vinaondoka pamoja.

"Dada, wewe unapenda kutumia hela za watu," akaniambia.

Mtoto alikuwa amepata alama 11 kwenye PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, daraja la kwanza, na shule moja ya bweni kule wilaya ya Mukono ikamchukua. Barua ya kuitwa ikaja na orodha ya mahitaji ndefu kuliko hotuba ya mazishi. Godoro: futi mbili na nusu kwa sita, unene inchi nne. Kaka alitaka la inchi sita, eti mtoto alale vizuri. Nikamkatalia. Vitanda vya bwenini vingi ni vya ghorofa, na anayelala juu kabisa akiwekewa godoro nene, ule ukingo wa chuma unabaki chini yake. Akigeuka usiku anashuka bila ngazi. Halafu jerikani ya lita 10, beseni, slasha ya kufyekea nyasi, skwiza ya kusukumia maji sakafuni, ufagio wa ndani na wa nje, roli 10 za karatasi ya chooni, rimu moja ya karatasi, neti ya mbu, madaftari ya kurasa 96.

Kupakia nilipakia mimi. Rimu na madaftari chini, zikibanwa upande wa bawaba, maana zikikaa upande wa kifuniko kinapofungukia, sanduku linapiga magoti kila likiinuliwa. Roli za karatasi ya chooni ndizo za kuziba pembe. Hazina uzito na hazipasuki. Odi, mchanganyiko wa karanga na simsim, haijazwi mpaka mdomoni. Mafuta hupanda juu, joto la taksi, yaani basi dogo la abiria, linaisukuma, na shati jeupe likishaonja mafuta ya karanga halirudi tena kuwa jeupe. Acha nafasi ya vidole viwili, tandika nailoni chini ya kifuniko, kaza, kisha lisimamishe kopo wima katikati ya viatu. Kabalagala, zile keki ndogo za kukaanga za ndizi na unga wa muhogo, nikazitoa mara mbili. Mama yake akazirudisha mara tatu. Kabalagala kwenye sanduku lililofungwa zinaota ukungu kabla mtoto hajajua jina la metroni.

Nguo za ndani nilizitia alama ya jina kwa uzi mwekundu. Na kwa kuwa namjua kaka yangu, nikaandika jina la mtoto na namba ya simu ya baba yake kwa maka pen upande wa ndani wa kifuniko, nikanyamaza.

Likabaki kufuli. Kaka alilinunua kwa mchuuzi anayetembea nayo mkononi, shilingi 4,000, linang'aa. Makufuli ya bei hiyo yana pini chache ndani, na kiwanda hukata funguo za mitindo michache tu, basi katika dazeni moja unaweza kukuta mawili yanayofunguana. Dukani kwangu mteja akitaka kununua namwambia achukue ufunguo wa kufuli lake aujaribu kwenye majirani zake kwanza. Kaka aliona hiyo ni michezo ya watoto.

Taksi yetu ilitoka Busia alfajiri, masanduku yakiwa juu kwenye keria. Nilihesabu matatu: la bluu moja, ya kijani mawili. Mwenye lile la kijani la pili alikuwa bwana mmoja mwembamba mwenye kofia ya baraghashia, amekaa mbele na dereva, ametulia, hana mtoto. Nikajisemea labda anampelekea mjukuu. Bugiri, Iganga, Jinja, hakuna shida. Tulipoingia msitu wa Mabira upepo ukaanza kupiga ile karatasi, pata-pata-pata, halafu kimya. Barua ya utambulisho ya Wandera wanayo tumbili mpaka leo.

Namawojjolo taksi ilisimama kama ilivyo ada. Vijana wakajaza madirisha kwa kuku wa kijiti na gonja, ndizi za kuchoma, na kaka akanunua mapaja mawili na kuanza kueleza taksi nzima namna ya kumwandaa mtoto kwa maisha ya bweni. Alikuwa bado anaeleza, mfupa mkononi, tulipofika Mukono na kondakta akaanza kupiga bati la mlango: "Mukono mshuke, trafiki yuko nyuma!" Likateremshwa godoro, likateremshwa sanduku la kijani, taksi ikaondoka.

Sanduku lilipopakiwa kwenye boda, likalia ndani. Kra, kra.

"Kaka, mle ndani nilipakia mimi. Hakuna kitu cha kulia."

"Ni seti ya hisabati," akasema, bila hata kugeuka.

Getini kulikuwa na foleni ya wazazi na meza zimepangwa chini ya hema. Ukaguzi wa siku ya kuripoti hauna haraka: mwalimu anasoma orodha, mzazi anainua kitu, mwalimu anatia tiki, na askari anapapasa pembe za sanduku kutafuta simu. Mwalimu wetu alikuwa mama mmoja mwenye miwani na sauti ya upole. Kaka akatoa ufunguo, akauingiza, ukazunguka kama umepakwa siagi. Akaniangalia. Yale macho yalikuwa yanasema: umeona?

Akafunua kifuniko.

Juu kabisa palikuwa na panya watano wakavu, wamefungwa mikia kwenye kamba moja, wamenyooka. Chini yao mafurushi ya pakiti ndogo za unga mweupe zilizofungwa kwa mpira, vibao vya gundi, na spika ya mkononi nyekundu na nyeupe.

Mwalimu alitazama panya, akatazama orodha yake, akarudi kwa panya. "Mzazi," akasema polepole, "hawa tuliwaomba ukurasa gani?"

"Madam, hili ni sanduku letu," kaka akajibu. "Ufunguo si umefungua?"

Wandera alivuta shati langu. "Shangazi, odi yangu iko wapi?"

Mwalimu akainua ile spika kwa vidole viwili aiweke pembeni. Zile spika zina swichi ya kurekodi na swichi ya kurudia, na ya kurudia iko mahali hasa unaposhika ukitaka kuinyanyua. Ikalia: "KUNGUNI! MENDE! PANYA! VIROBOTO! WEWE UNALALA, WAO HAWALALI! WEKA JIONI, ASUBUHI FAGIA!" Ikavuta pumzi, ikahamia Kiganda: "EBIKU! EMMESE!" Halafu tena Kiswahili, kwa sauti ya kufika Lugazi.

Mwalimu aliifinya kila mahali ikazidi sauti. Askari akaichukua, akaipiga makofi mawili ya kitaalamu, ikaanza kurudia neno moja tu, "kunguni, kunguni, kunguni." Mfuniko wa betri ulikuwa na skrubu. Metroni akatoka bwenini mbio, amenyoosha mikono juu kama anazuia gari: "Wazazi wapendwa, shule yetu haina kunguni!"

Dirishani juu yake wanafunzi wa senia tatu walikuwa wameshajaa, wanapiga makofi. "Metroni, lete huku!" mmoja akapaza. "Bweni la pili kwanza!"

Hapo foleni ikavunjika. Mama mmoja aliyekuwa nyuma yetu akaacha beseni lake, akamwendea kaka: "Bei gani?" Kaka, ambaye tangu Busia hakuna swali lililomshinda, akasema shilingi 2,000. Nikamvuta koti. Unga usio na lebo siuzi dukani na mtoto simwekei kwenye kitanda anacholala. Kunguni hupunguzwa kwa godoro kuanikwa juani, mishono yake kukaguliwa, na maji ya moto kumiminwa kwenye maungio ya kitanda. Nilisema hayo kwa sauti kubwa, lakini nilikuwa nashindana na spika. Wazazi walichukua pakiti wenyewe na kuacha hela juu ya panya.

Naibu mkuu wa shule alipofika kuamuru pakiti zote zirudishwe sandukuni, nyingi zilishaingia kwenye mikoba, na hakuna mzazi aliyekubali kwamba alinunua.

Simu ya kaka ikaita. Aliiweka sauti ya nje, kwa kuwa spika haikuwa imechoka.

"Mzee, shikamoo. Niko hapa taksi paki ya zamani, Kampala. Nimekusanya watu, nimefungua sanduku niwaonyeshe panya, nimewaonyesha chupi za mtoto wako. Watu wamecheka wameondoka. Jina lake Wandera, siyo?"

"Umelifunguaje?" kaka akauliza.

"Kwa ufunguo wangu, mzee."

Kutoka Kampala mpaka Mukono ni kilomita ishirini na kitu, lakini siku ya kuripoti magari hayatembei, yanasogea. Wandera alikaa juu ya godoro lake nje ya geti tangu saa tano mpaka saa tisa, watoto wengine wakiingia wakimpungia mkono. Wengine tayari walikuwa wamempa jina: Emmese, yaani Panya.

Bwana wa baraghashia alishuka kwenye boda amekumbatia sanduku letu. Kwanza aliizima spika kwa kubonyeza kitu mgongoni, sekunde moja tu, na geti zima likashusha mabega. Kisha akahesabu mali yake. Pakiti 18 hazikuwepo. Kaka akatoa shilingi 36,000 zilizokunjwakunjwa.

"Mzee," yule bwana akasema, anazihesabu mara ya pili, "mimi nauza 1,000."

Mwalimu wa miwani akarudi mezani na orodha. Rimu ipo, tiki. Neti ipo, tiki. Odi ipo, imeshuka vidole viwili vingine chini ya vile nilivyoacha mimi, na bwana wa baraghashia akaanza kukagua mawingu. Kabalagala, ambazo nilikuwa nimezitoa mara mbili, zilikuwa zimekwisha kabisa, na kwa hilo nilimshukuru kimoyomoyo. Wandera akaingia bwenini na sanduku lake, kaka amelibeba kichwani, hasemi.

Bwana alipokuwa anafunga vitu vyake, naibu mkuu alitazama kushoto, akatazama kulia, akamsogelea. "Ile dawa yako," akauliza chini chini, "inaingia mpaka ndani ya mabomba ya vitanda vya chuma?"

"Mwalimu, hilo ni swali zuri," akasema yule bwana, na akanyoosha mkono kuichukua spika. "Subiri niwashe, imeelezwa yote humu."